Vile grep -v ilimeza "haiko sawa" na Mama Faith akawekelewa waru zilizooza

Wakuu, niaje.

Hii nitaiandika vile ilifanyika, bila chumvi. Mwenye anadhani naongeza aniambie nimtumie zile lines asome mwenyewe. Majina nimebadilisha. Hasira sijabadilisha.

Mimi ni mtu wa Linux hapa Nakuru town. Nashughulikia mashine za watu: maduka ya dawa, shule, vikundi vya wakulima. Na ni mwanamke. Nasema mapema kwa sababu uzi wangu wa mwisho mliniita "kaka" mpaka comment ya mwisho, na leo sina roho ya kusahihisha mtu.

Kuna kikundi cha wakulima huko Mau Narok, wako na store ya baridi ya mbegu ya waru, yaani viazi. Kwa wale hamjawahi kulima: mbegu ya waru ikikaa kwa baridi, digrii nne hivi, inalala. Joto ikipanda inaamka, inatoa macho, inaanza kumea huko gizani na mwishowe inaoza. Mbegu ikioza, mvua ikija mkulima anaangalia shamba tupu. So hiyo store kazi yake ni moja, joto isipande.

Mimi ndiye niliweka sensa za joto kwa hizo rooms. Niliweka kaboksi kadogo kwa ukuta, na screen, na kila baada ya dakika chache boksi inaandika line moja kwa kila room. Line inaonekana kwa screen, alafu inatumwa kwa server huku Nakuru. Iko hivi:

room2 joto 4 iko sawa

Na kukiwa na shida:

room2 joto 9 haiko sawa

Niliandika kwa Kiswahili makusudi. Mwenye anakaa na hiyo screen siku nzima ni Mama Faith, storekeeper. Ni mama wa makamo, mpole, anaishi na msichana wake kwa kanyumba kako ndani ya compound, kanaendana na kazi. Sikuona haja ya kumwandikia "threshold exceeded" akiwa na shida ya waru. Nilimuuliza, "Mama, kukiwa na shida wewe ungesema aje?" Akasema, "Si ningesema tu haiko sawa." Nikaandika hivyo hivyo.

Ilifanya kazi vizuri. Screen ikisema haiko sawa, Mama Faith anapigia manager, manager anaita fundi wa feni. Maisha inaendelea.

Alafu wakaleta consultant.

Sijui walimtoa wapi. Kijana wa Nairobi, viatu safi, laptop iko na stickers kushinda friji ya watoto. Alikuja kuwafanyia "reporting". Manager alikuwa amechoka kupigiwa simu na Mama Faith, alitaka kila asubuhi apate message moja kwa WhatsApp: shida iko ama haiko. Hiyo ni sawa, hata mimi ningemfanyia. Lakini mimi sikuulizwa. Nilinyang'anywa password ya server na nikaambiwa asante kwa huduma yako.

Nikaenda zangu. Nakuru haikosi kazi.

Msimu umekaribia, siku moja mchana naona simu ya Mama Faith. Sauti yake ilikuwa chini, hata nikadhani ako kanisani.

"Mami," aliniambia, "wamefungua room three kugawa mbegu. Zote zimemea na zingine ni maji. Wanasema ni mimi nilizima feni."

Nikamuuliza wanasema aje ni yeye. Akaniambia manager amesimama mbele ya wakulima na simu mkononi, akawaonyesha message za kila asubuhi. Karibu kila siku: Hakuna tatizo. Hakuna tatizo. Hakuna tatizo. So, kulingana na yeye, room ilikuwa poa mpaka juzi, alafu ghafla ikaharibika. Na kitu haiwezi kuharibika ghafla hivyo bila mkono wa mtu. Ati alichomoa laini ya feni akapikia nayo kwa kanyumba kake.

Mtu wa kupika na kuni, wakuu. Moshi inaonekana kutoka barabarani.

"Lakini mama, screen ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inasema haiko sawa. Nilimpigia. Nikampigia tena. Akaniambia report yake inasema hakuna tatizo, screen yangu ndiyo imeharibika, niache kumsumbua."

Walikuwa wamempa mpaka mkutano wa kikundi, kesho yake. Akikosa kujieleza anatoka kazini, anatoka kwa nyumba, na kuna mtu alikuwa ameanza kutaja polisi. Na mimi ndiye mtu pekee alijua ambaye anaongea na hizo mashine.

Hapo damu ilianza kuchemka, lakini bado sikuwa nimeelewa. Screen inasema haiko sawa, report inasema hakuna tatizo, na zote zinasoma line ile ile. Inawezekanaje?

Nikapigia chairman wa kikundi, mzee mmoja mstaarabu, nikamwambia nataka kuangalia server tu, sitagusa kitu. Akaniruhusu, akanitumia password. Kuingia, nikafungua joto.log, file ya kuhifadhi zile lines za boksi.

Wakuu, hiyo file ilikuwa karibu tupu. Boksi inaandika mchana na usiku na mimi naona lines chache tu, zote za aina moja: "room1 haina network". Kila kitu kingine hakuna.

Nikaenda kutafuta script ya consultant, zile amri zinatengeneza report. Ilikuwa fupi. Nimeikopi vile ilivyo, mjionee:

grep -v "iko sawa" joto.log > tmp
mv tmp joto.log

Alafu line ya tatu inaangalia kama kuna kitu mpya imebaki ya siku hiyo. Ikipata kitu inatuma. Ikikosa, inatuma Hakuna tatizo.

Kwa wale wageni kwa terminal: grep inatafuta maneno kwa file. Ukiipa -v inageuka, inakupa kila line ambayo HAINA hayo maneno. Ni kama kupeta maharagwe, unapuliza makapi unabaki na maharagwe. Log ikiwa na kelele nyingi, -v ni rafiki yako. Unatupa zile za "iko sawa", unabaki na za shida. Idea ilikuwa nzuri kabisa.

Sasa soma tena hiyo command pole pole. Alafu soma hii:

haiko sawa

Umeona?

Ha-IKO SAWA. Grep haijui Kiswahili. Haijui kwamba "ha" huko mbele inageuza kila kitu. Yenyewe imeambiwa tupa kila line iko na herufi i-k-o, nafasi, s-a-w-a. Na "haiko sawa" iko nazo zote. So ilitupa habari njema, na ikatupa habari mbaya pamoja nayo. Kitu pekee iliponea ni "haina network", na hiyo ndiyo ilifanya watu waamini report inafanya kazi, kwa sababu siku zingine ilikuwa inaleta kitu.

Nilicheka kwanza. Haki nilicheka, peke yangu hapo kwa ofisi. Alafu nikakumbuka sauti ya Mama Faith na kicheko ikaisha.

Kwa sababu tazama line ya pili. Hiyo mv. Jamaa hakuchuja tu ndio asome. Alichukua kile kilichobaki akakirudisha juu ya file yenyewe. Original imeenda. Kila asubuhi alikuwa anafuta ushahidi wa siku iliyopita, ati server isijae. Log ya maandishi, wakuu. Picha moja ya harusi kwa simu yako ni kubwa kuliko log ya mwezi mzima ya hizo sensa.

Kwa hivyo nilijua ukweli na sikuwa na kitu ya kuonyesha. Ningeenda kwa mkutano niseme "grep", wangeniangalia tu.

Ndio nikakumbuka boksi. Hapo Mau Narok network inapotea kila wingu likipita, so wakati naiweka niliambia boksi iandike copy yake kwa memory card kabla ya kutuma. Hiyo copy consultant hakuijua, kwa sababu kuijua ingebidi aulize.

Nikapigia Mama Faith. "Mama, ile boksi ya ukuta bado iko?"

"Manager alisema inadanganya watu, nikaitupe kwa shimo ya takataka."



"Ukaitupa?"

"Nitatupaje kitu yako na hujaniambia? Iko ndani ya sufuria, na nimefunika."

Asubuhi mapema nikaomba ndugu yangu pickup, nikapanda kupitia Njoro. Baridi ya huko mnaijua, na ukungu ilikuwa imekaa kwa ngano huoni mbele. Nilikuwa naendesha huku naongea peke yangu, nikipanga vile nitamwambia consultant. Mengine siwezi kuandika hapa, mods watanifungia.

Mama Faith alinipokea na chai kwanza. Nilimwambia hatuna time, akaniambia nikunywe, siwezi kusoma vizuri nikiwa natetemeka. Nikakunywa. Sufuria ilikuwa chini ya kitanda, boksi ndani imefungwa kwa kitambaa, kavu kabisa. Nikatoa card, nikaweka kwa laptop juu ya meza ya jikoni.

Nikaandika:

grep "room3" joto.log

Lines zikamwagika. Nikarudi mpaka wakati mbegu ziliingizwa store nikaanza kushuka. room3 joto 4 iko sawa. room3 joto 4 iko sawa. Alafu joto 5. Alafu joto 6, na hapo ndio boksi ilianza: haiko sawa. Alafu 6 tena, 7, 8, polepole, wiki baada ya wiki, mpaka ikafika 14. Zote haiko sawa, haiko sawa, haiko sawa.

Nataka muelewe hapo. Mtu akizima feni, joto inaruka siku hiyo hiyo. Hii ilipanda kidogo kidogo. Hiyo ni feni inakufa yenyewe, inazunguka na kuchoka, mpaka siku moja inasimama. Hakuna mtu aliizima. Boksi ilikuwa inalia kila dakika chache, na Mama Faith alikuwa anapeleka hicho kilio kwa simu, na wote wawili wakaambiwa wanasumbua.

Nilimgeuzia laptop aone. Alisoma midomo ikitingika. Alafu akasema, "Si hiyo ndiyo nilikuwa nawaambia." Hakulia wala hakukasirika. Mimi ndiye nilikasirika kwa niaba yetu wawili.

Mkutano ulikuwa kwa ukumbi wa kanisa. Wakulima wamejaa, wengine wamekuja na hizo waru kwa gunia, zimetoa mizizi myeupe mirefu kama tambi. Na sikuwalaumu kwa hasira yao. Hao watu wamepoteza mbegu. Manager ako mbele, consultant amekaa kando yake na laptop ya stickers.

Nilipopewa nafasi sikuongea mambo ya grep. Nilichukua ubao wa Sunday school nikaandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: HAIKO SAWA. Alafu nikaweka mkono juu ya HA.

"Mnaona nini sasa?"

Mama mmoja huko nyuma akasoma, "Iko sawa."

"Hivyo ndivyo mashine ya report ilikuwa inasoma. Kila siku."

Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Nikawasomea lines za room three kutoka kwa card, kutoka nne mpaka kumi na nne. Fundi wa feni alikuwa hapo, akasema ndiyo, feni inayokufa inafanya hivyo.

Hapo ndipo consultant alisimama. Na nataka mkae chini kabla msome hii.

Akasema, "Hiyo ndiyo shida ya kutumia Kiswahili kwa system. Ingekuwa English hii haingetokea."

Wakuu. Nilihesabu mpaka tano. Nilifika tatu.

Nikamuuliza, mbele ya watu wote, kwa English ungeandika nini? Akasema OK. Na kukiwa na shida? Akasema Not OK. Nikaandika kwa ubao: NOT OK. Nikaweka mkono juu ya NOT. Nikamwambia asomee mama wa nyuma imebaki nini.

Hakusoma. Lakini ukumbi wote walisoma.

Kwa hivyo mtu yeyote hapa asiniletee hiyo story ya lugha. Kiswahili haina kosa. Kosa ni kutupa kitu bila kuangalia unachotupa. Angetoa tu hiyo v, arun grep "iko sawa" joto.log, asome kwa macho yake kile kinaenda takataka, angeona haiko sawa zimejipanga hapo. Hiyo ni kazi ya muda wa kumeza chai. Na dawa yake ni herufi moja:

grep -vw "iko sawa" joto.log

Hiyo w inaambia grep neno lazima lisimame peke yake. "iko" iliyoshikana na "ha" haihesabiwi, so haiko sawa inabaki. Ama usitupe kabisa, tafuta tu unachotaka: grep "haiko sawa". Na matokeo weka kwa file ingine. Original usiiguse, hata ukiambiwa server inajaa. Ibane, ihamishe, fanya yote, lakini usimwage.

Nirudi kwa mkutano, kwa sababu sijafika mahali panaponichoma.

Nilidhani imeisha. Nilidhani manager atasimama aseme, Mama Faith, ulinipigia nikakupuuza, nisamehe. Alisimama kweli. Akasema kumekuwa na "miscommunication ya kimitambo". Consultant akasema atarekebisha script. Mkulima mmoja akauliza nani atarudisha mbegu, akaambiwa kamati itakaa. Chairman, yule mzee mstaarabu, akasema Mungu ni mwema, ukweli umejulikana, Mama Faith arudi kazini na tusahau yaliyopita. Watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyemwomba msamaha. Hata mmoja. Wale waliomwita mwizi walikuwa wanapiga makofi na mikono ile ile.

Alafu chairman akamgeukia. Alikuwa ameshasimama, kofia mkononi, tayari kwa maombi ya kufunga.

"Basi mama, mambo iko sawa, sindio?"

Mama Faith alisimama. Hakupandisha sauti, lakini mimi niliketi safu ya nyuma na nilimsikia vizuri.

"Haiko sawa."

"Asante sana mama," chairman akasema. "Tusimame tuombe."

Na tukaomba. Niliangalia hizo vichwa zimeinama nikashindwa hata kufunga macho.

Jioni, secretary akatuma minutes za mkutano kwa WhatsApp ya kikundi, bado nilikuwa ndani tangu zamani. Nikashuka mpaka chini. Imeandikwa, na nanukuu: "Mama Faith aliulizwa kama ameridhika, akajibu iko sawa."

Niliandika kwa group kwamba hiyo si kweli, alisema HAIKO. Nikatolewa.

Kwa hivyo somo la grep mmepata, na mnaweza kulichukua mkaenda nalo kazini kesho. Lile lingine sijui command yake. Manager, chairman, secretary, hao hawakuwa na script. Walikuwa na masikio, na mtu mzima alisimama mbele yao akasema neno moja, wakakata mbele wakaacha nyuma. Script ya yule kijana ilijifunza kwao.

Mwageni hapa chini: wewe umewahi kutupa nini na -v ukidhani ni makapi? Wenye watakuja kutetea consultant pia karibuni, nina muda na nina hasira ya kutosha.

Na tafadhali, kama kuna mtu upande wa Njoro, Rongai, hata Salgaa, anatafuta storekeeper wa kusoma screen na kusema kile kimeandikwa bila kuogopa mtu, ani-inbox. Mama Faith alirudisha funguo za store na za kanyumba siku hiyo hiyo, akaziweka juu ya kitabu cha minutes cha secretary, na nilienda na pickup kumbebea vitu. Sufuria alikataa iwekwe nyuma. Aliishika kwa magoti mpaka tukafika Nakuru.